Uzuri wa Mkakasi: Divai na Karatasi ya Chupa

Methali isemayo "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti" ilitungwa na watu walioweza kuufungua mkakasi. Ni onyo kwa mtu aliyependezwa na nakshi za nje akasahau kuinua kifuniko. Mnunuzi wa divai hana kifuniko cha kuinua. Chupa aliyoishika dukani imezibwa, na kizibo hakitoki ila baada ya kulipa. Kioo chenyewe mara nyingi ni cha kijani kizito, hata rangi ya kinywaji haionekani vema. Mbele yake zimepangwa chupa nyingi zenye maumbo machache tu. Kinachoitenga hii na ile ni karatasi iliyobandikwa tumboni mwa chupa, ambayo siku hizi huitwa lebo. Huitazama karatasi hiyo, huipenda au huichukia, kisha hutoa fedha. Wajuzi wa divai humcheka mnunuzi wa namna hiyo. Husema kwamba amefanana na mtoto aliyepewa fedha akaachwa sokoni peke yake.

Kicheko hicho chastahili kuchunguzwa kabla ya kuungwa mkono. Mjuzi naye, mara nyingi, hakuionja chupa ile kabla ya kuinunua. Yeye pia amesoma karatasi. Tofauti ni kwamba amesoma mstari wa chini, penye jina la kijiji na mwaka wa mavuno, hali mwenzake amesoma picha. Wote wawili wamesadiki ushahidi wa karatasi. Kwa hiyo si swali la kuchagua kwa lebo au kutochagua kwa lebo, maana kwa watu walio wengi njia nyingine haipo. Swali ni jinsi lebo isomwavyo, na ni nani aliyeiandika, na ni maneno gani katika karatasi hiyo ambayo mwandishi wake aweza kushtakiwa akiyasema kwa uongo. Hayo ni maswali ya mhakiki wa maandishi. Msomaji ambaye dini au desturi yake imemkataza kileo asidhani kwamba habari hizi hazimhusu. Huenda yeye ndiye msomaji bora kuliko wote, kwa kuwa mbele ya chupa iliyofungwa yeye na mnywaji wana ujuzi sawasawa, naye hana kiu ya kumharakisha.

Kiswahili chenyewe kilikwisha kubandika lebo zake zamani. Neno mvinyo lilitoka kwa Wareno, na neno divai limetokana na Kifaransa. Asili ya maneno yote mawili ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Lakini mvinyo, vinywani mwa watu wengi, limekuwa jina la kileo chochote kikali, na divai limebaki na heshima ya altare na ya meza ya wageni. Mtu aliyekaribishwa mvinyo na mtu aliyekaribishwa divai huenda wakatiliwa kutoka chupa moja, na kila mmoja akawa na matarajio yake. Jina limetangulia kuonja.

Karatasi ni ndogo kwa umri kuliko divai. Kwa karne nyingi divai ilisafiri ndani ya mapipa, na mnunuzi alimjua mwuzaji kwa uso. Lebo ya karatasi ilienea katika karne ya 19, uchapaji wa mawe ulipokuwa rahisi. Hata hapo, katika nchi ya Bordeaux, mwenye shamba hakuwa mwenye kauli. Aliwauzia wafanya biashara wa mjini mapipa; wao ndio waliotia divai chupani, na wao ndio waliobandika karatasi. Basi sauti iliyosikika katika lebo ilikuwa sauti ya dalali, ingawa jina lililoandikwa lilikuwa la mkulima. Mtu wa kwanza kuigeuza hali hiyo kwa kishindo alikuwa kijana. Philippe de Rothschild alishika uongozi wa shamba la Mouton, huko Pauillac, mwaka 1922, naye alikuwa na miaka 20. Mwaka 1924 aliamuru divai yake yote itiwe chupani pale pale shambani, na ili watu walijue jambo hilo akamwomba Jean Carlu, mchoraji wa matangazo, achore lebo mpya yenye kondoo dume na mishale ya ukoo wa Rothschild. Wanunuzi wa zama hizo waliona kwamba karatasi ya divai ya heshima haipasi kufanana na tangazo la ukutani, na jaribio hilo halikudumu. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba picha ile ya kwanza ilikuwa na hoja ndani yake. Ilisema: tangu sasa asemaye ni mwenye shamba.

Mfululizo uliojulikana duniani kote ulianza baada ya vita. Lebo ya mavuno ya 1945 ilichorwa na kijana Philippe Jullian: herufi V kubwa, na maneno ya Kifaransa yanayoutaja mwaka huo kuwa mwaka wa ushindi. Tangu hapo, isipokuwa miaka michache, kila mavuno yamepewa mchoraji wake. Georges Braque alichora ya 1955, Salvador Dalí ya 1958, Henry Moore ya 1964, Joan Miró ya 1969, Marc Chagall ya 1970, Andy Warhol ya 1975. Hawakulipwa fedha bali divai, malipo ambayo baadhi ya watunzi wa mashairi wangeyaonea wivu. Aliyeziweka karatasi hizo katika safu moja ameweka historia fupi ya uchoraji wa Ulaya na Marekani katika karne ya 20, kila kipande kikiwa na upana wa kiganja.

Lakini wingi wa majina makubwa usimfumbe macho mhakiki. Katika safu nzima, lebo ya Jullian ndiyo bora, ingawa yeye ni mdogo kwa sifa kuliko wote waliotajwa. Sababu yake ni hii: katika karatasi ile picha na mwaka ni kitu kimoja. Zabibu za 1945 zilivunwa miezi michache baada ya vita kwisha Ulaya, na wajuzi wamekubaliana kwamba ni mojawapo ya mavuno makuu ya karne. Herufi ile moja haikupamba divai, iliipa tarehe. Na kuna jambo ambalo haikulisema. Élisabeth, mke wa Philippe, ambaye walikuwa wametengana, alifia katika kambi ya Ravensbrück mwaka huo huo wa ushindi. Karatasi ya divai haina mahali pa habari kama hiyo, na mtu ajuaye habari hiyo huiona V ile kwa jicho jingine. Kimya chake kimo ndani ya maana yake, kama kimya cha mistari ya shairi ambayo mtunzi aliiacha kwa kuwa haikuwezekana kuimbwa.

Na ilinganishwe sasa na lebo ya 1973. Picha yake ni ya Pablo Picasso, na ni picha ya sherehe ya ulevi wa kale, yenye watu wanaocheza. Picasso alikwisha kuichora mwaka 1959. Haikuchorwa kwa ajili ya chupa. Alifariki tarehe 8 Aprili 1973, na miezi miwili baadaye Mouton ilipandishwa kutoka daraja la pili hadi daraja la kwanza la divai za Médoc, mabadiliko makubwa katika orodha iliyokuwa imewekwa tangu 1855. Basi karatasi ile ilikuwa na mambo mawili ya kutangaza, msiba wa mchoraji na ushindi wa shamba. Divai yenyewe haikuwa na jambo la kutangaza. Mavuno ya 1973 katika nchi ya Bordeaux yalikuwa mengi na hafifu. Wakusanyaji huitafuta chupa hiyo hata leo, na wengi wao hawana nia ya kuifungua. Hapo mkakasi umetimia: nakshi za bwana Picasso, na ndani kipande cha mti. Hata hivyo nani amedanganywa? Aliyeinunua kwa ajili ya Picasso alimpata Picasso.

Lebo ya 1993 ilitoa fundisho la namna nyingine. Balthus alichora msichana aliye uchi, amelala. Watu wa Marekani wakalalamika, na chupa zilizopelekwa huko zikabandikwa karatasi ambayo mahali pa picha pameachwa peupe. Mara wakusanyaji wakaanza kuzitafuta zote mbili, yenye msichana na isiyo na kitu. Weupe ule ukawa picha. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jambo ambalo waalimu wa fasihi hulieleza kwa taabu darasani, kwamba neno lililoondolewa laweza kusoma kwa sauti kuliko lililobaki. Na mwaka 2000 Mouton iliacha karatasi kabisa. Kondoo dume wa dhahabu alichorwa juu ya kioo chenyewe, kwa mfano wa chombo cha mfua fedha wa Augsburg kilichomo katika makumbusho ya shamba. Chupa ikishanywewa haitupwi. Lebo imekula chakula chote ikabaki peke yake mezani.

Hayo ni mambo ya matajiri. Watu wa kawaida wana lebo zao, na hizo zimetenda kazi kubwa zaidi. Karatasi za divai za Ujerumani zilikuwa, kwa muda mrefu, maandishi magumu kuliko yote ya aina hiyo: herufi za kale zenye pembe, jina la kijiji, jina la kipande cha shamba, na maneno marefu yaliyounganishwa kama mabehewa ya garimoshi. Kila neno lilikuwa na maana, na Mwingereza aliyetaka chupa ya chakula cha jioni hakuweza kulitamka hata moja mbele ya mwuzaji pasipo kuona haya. Kampuni ya Sichel ya Mainz ilitambua jambo hilo. Mwaka 1923, kwa divai ya mavuno ya 1921, ilitoa lebo yenye watawa waliovaa kanzu za rangi ya kahawia chini ya anga la buluu, na divai ikaitwa Blue Nun. Jina ni la maneno mawili mafupi ya Kiingereza. Haya ikaondoka. Kwa miaka mingi baada ya Vita Kuu ya Pili chupa hiyo ilijaa katika meza za Uingereza na Marekani. Ni kosa kusema kwamba wanunuzi wake walishindwa kusoma. Walipewa kwa mara ya kwanza karatasi iliyoandikwa kwa ajili yao.

Mwaka 2001 jambo lile lile lilitendeka tena kutoka upande mwingine wa dunia. Ukoo wa Casella, wenye kiwanda huko Yenda katika New South Wales, ulipeleka Marekani divai iitwayo Yellow Tail. Lebo yake ina mnyama arukaye wa jamii ya kangaruu, amechorwa kwa mistari na madoa ya rangi, na jina limeandikwa kwa herufi ndogo ndani ya mabano ya mraba. Hakuna ngome juu ya kilima, hakuna ngao ya ukoo, hakuna sahihi ya babu. Iliuzwa upesi kuliko ilivyotazamiwa, na kwa muda wa miaka kadhaa maduka ya Marekani yakajaa lebo za vyura, pengwini, viboko na jogoo. Wajuzi walilia kwamba duka la divai limekuwa bustani ya wanyama. Kilio hicho hakina haki yote. Ngome iliyochorwa katika karatasi nyingine za bei hiyo hiyo mara nyingi haina uhusiano wowote na kinywaji, nayo hudai ukuu wa nasaba. Mnyama yule hadai lolote. Asema tu kwamba divai imetoka Australia na kwamba mnywaji hahitaji kuogopa. Kati ya picha mbili zisizothibitisha kitu, ile isiyojivuna ina adabu zaidi.

Wapo watakaojibu kwa methali nyingine, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hiyo ni ya soko la vitu vilivyo wazi, la papai linukalo na samaki atazamwaye macho. Katika chupa iliyozibwa chema hakina njia ya kujiuza. Chema na kibaya vyote havina budi kutembezwa, na hutembezwa kwa karatasi za kiwanda kimoja cha uchapaji.

Baada ya picha yapo maneno, na hapa kazi ya mwanafunzi wa lugha huwa halisi. Maneno ya lebo ni ya namna mbili yaliyochanganywa katika karatasi moja pasipo alama ya kuyatenga. Yako yaliyofungwa na sheria, na yako yaliyo huru kama majina ya mashua. Katika Marekani, karatasi ikitaja aina moja ya zabibu, yapasa asilimia 75 angalau ya divai itokane na aina hiyo. Katika Umoja wa Ulaya ni asilimia 85. Jina la mahali katika Ufaransa limelindwa kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1935, hata mkulima hawezi kulitumia kama mizabibu yake iko ng'ambo ya mpaka. Kiasi cha kileo huandikwa kwa tarakimu, na tarakimu huonekana kuwa na uaminifu kuliko maneno. Lakini sheria ya Marekani yaruhusu kosa la 1.5 juu au chini kwa divai isiyozidi asilimia 14, basi chupa iliyoandikwa 12.5 yaweza kuwa na 11 au kukaribia 14. Hiyo ni sahihi ya kisheria, na ni methali ya namna yake juu ya hesabu.

Neno moja lastahili kukaliwa kitako. Katika Rioja, Hispania, divai nyekundu haiwezi kuitwa Reserva ila imekaa miaka mitatu kabla ya kuuzwa, na angalau mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa la mwaloni. Katika sheria ya Marekani neno hilo hilo, likiandikwa Kiingereza, halina maana yoyote. Aweza kulitumia apendaye, kwa divai ya juzi. Macho ya mnunuzi huona neno moja. Ni kama neno amana kinywani mwa kadhi na kinywani mwa mwongo: herufi ni zile zile, kilichopungua ni mtu wa kulisimamia. Kadhalika Wafaransa huandika kwamba divai imetoka katika mizabibu mizee, wala sheria yao haikusema mzabibu huzeeka lini.

Hata mwaka wa mavuno, ulio msingi wa elimu yote ya wajuzi, ni neno lenye nchi yake. Umezaliwa mahali penye majira ya baridi, ambapo mzabibu hulala na kuamka mara moja kwa mwaka, na jua au mvua ya mwaka huo huingia katika zabibu. Huko Dodoma mzabibu hauna majira hayo, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tarakimu za mwaka zikiandikwa katika chupa ya huko huwa hazikusema mavuno yapi kati ya mawili. Ni vazi lililoshonwa kwa kipimo cha mwili mwingine. Mwandishi wa lebo ambaye angetaja mwezi angekuwa amesema kweli zaidi kuliko desturi ya Ulaya inavyomruhusu.

Juu ya karatasi ya pili, ile ya mgongoni mwa chupa, hakuna haja ya maneno mengi. Ndiyo sehemu mbaya ya fasihi hii. Husimulia jua la asubuhi, ukungu wa bonde, mikono ya wazee na harufu ya matunda ambayo hayakutiwa ndani. Humalizia kwa kusema kwamba kinywaji chafaa kwa nyama, samaki, jibini na marafiki. Katika karatasi hizo haijapata kunyesha mvua iliyoharibu zabibu.

Sasa lipo jambo zito zaidi, ambalo laonekana kuivunja hoja ya wajuzi na ya watu wa kawaida pia. Mwaka 1929 I. A. Richards, mwalimu wa Cambridge, alitoa kitabu kiitwacho Practical Criticism. Alikuwa amewapa wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi wala tarehe, akawaomba waandike maoni yao. Shairi la Gerard Manley Hopkins lilidharauliwa na wengi, na tungo za watu wasio na sifa kubwa zikapata wa kuzisifu. Jina lilipoondolewa, hukumu ilipepesuka. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, mwuza divai Mwingereza aitwaye Steven Spurrier alifanya, pasipo kukusudia, mtihani ule ule kwa chupa. Waamuzi tisa Wafaransa, watu wenye heshima katika kazi hiyo, walionjeshwa divai za Ufaransa na za California bila kuonyeshwa lebo. Mmoja alipoonja divai nyeupe ya California alishangilia kwamba sasa amerudi Ufaransa. Divai nyekundu iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa ya Stag's Leap, ya mavuno ya 1973. Ya pili ilikuwa Mouton ya 1970. Waamuzi waliishika glasi ya Mouton bila kumwona Chagall, na Mouton pasipo Chagall ikashindwa na jirani asiyejulikana.

Wengi wamelitumia tukio hilo kusema kwamba ukweli wote umo katika kuonja macho yakiwa yamefungwa, na kwamba lebo ni uongo. Uchunguzi uliofuata haukuwapa ushindi mwepesi. Frédéric Brochet wa Bordeaux, katika kazi aliyoiandika mwaka 2001, alieleza jinsi alivyowaonjesha watu divai moja kutoka chupa mbili, moja yenye jina la daraja kuu na nyingine ya divai ya mezani tu. Maneno ya sifa yalifuata chupa. Mwaka 2008 Hilke Plassmann na wenzake huko California walitoa habari za watu 20 walioonjeshwa divai hali bongo zao zikipimwa kwa mashine. Divai ile ile iliyotajwa kwanza kuwa ya dola 10 na tena kuwa ya dola 90 iliwapendeza zaidi ilipokuwa ya 90, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilionyesha nguvu zaidi. Hawakuwa wakijisingizia kwa ajili ya adabu. Raha iliongezeka kweli.

Jambo hilo likisadikiwa, basi lebo haibaki nje ya chupa. Imo katika ladha, kama chumvi. Achaguaye divai kwa picha impendezayo huenda amechagua, pasipo kujua, sehemu ya utamu atakaouonja nyumbani, na mjuzi aliyenunua jina la Pauillac amefanya vivyo hivyo kwa gharama kubwa zaidi. Kicheko kilichotajwa mwanzoni hapo hupoteza sauti.

Mfano wa karibu waweza kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Mwanamke anunuaye kanga husoma jina lake, yaani maneno yaliyochapwa juu ya pindo, kabla ya kuushika uzito wa nguo. Hakuna amwambiaye kwamba amedanganywa na maandishi. Maneno yale ni nguo; atakayemjia jirani na jina lile mgongoni amevaa usemi, na pamba ni ya kuubeba. Divai, kwa kadiri ya wachunguzi hawa, imeelekea upande wa kanga kuliko wajuzi walivyopenda kukiri. Lakini haijafika. Kanga husomwa na aionaye njiani, na maana yake haipungui kwa kuwa nguo ni nyepesi. Divai mbaya yenye lebo nzuri huipoteza lebo yake katika glasi ya tatu, wakati raha ya picha imekwisha na tindikali imebaki. Na mwanamke wa kanga ana jambo moja asilo nalo mnunuzi wa chupa: maneno yote anunuayo ameyasoma, wala hakuna neno moja kati yake lenye sheria mbili.

Ndiyo maana njia ya Richards na Spurrier yafaa itunzwe kama dawa, isigeuzwe kuwa chakula. Kuficha jina mara moja moja humfundisha mwonjaji ni kiasi gani cha hukumu yake kilikuwa cha karatasi. Watunzi wengi wa tenzi za kale walikuwa na busara ya namna hiyo, kwa kuwa walitaja majina yao katika beti za mwisho, msomaji alipokwisha kuunywa utenzi wote. Mwanafunzi ambaye husifu shairi kwa sababu amelikuta chini ya jina la Muyaka, na kulipita lile lile akilikuta halina jina, hana haki ya kumcheka aliyependa kangaruu. Huyo wa kangaruu, angalau, amekiri kilichompendeza.

Karatasi yenyewe imeanza kubadilika. Kwa divai zilizotengenezwa tangu tarehe 8 Desemba 2023, sheria ya Umoja wa Ulaya yataka mnunuzi atajiwe viungo vyote vilivyomo, jambo ambalo vyakula vingine vilikwisha kulizoea na divai ilikuwa imesamehewa. Baadhi ya mambo, kama vile vitu viwezavyo kumdhuru mtu mwenye mzio, hayana budi kubaki katika lebo. Lakini orodha ya viungo imeruhusiwa kuwekwa mahali pengine, nyuma ya alama ndogo ya mraba yenye madoa meusi isomwayo kwa simu. Wenye viwanda wengi wamechagua njia hiyo, na mchoraji amerudishiwa nafasi yake. Sentensi ambayo mwandishi wake aweza kushtakiwa kwayo imehamishwa kutoka katika karatasi. Mnunuzi aliyesimama dukani bila simu amebakiwa na kondoo dume, watawa na kangaruu.